Mstari Kwenye Bolti

Jumanne, saa tatu asubuhi

Mdogo wangu mpendwa, Kitinda,

Pokea salamu zangu, na natumaini zinakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na lile goti la kushoto limekupunguzia visa. Niambie kama bado unapanda ngazi za nyumba yako kwa kuzihesabu. Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu wa miaka themanini na minne. Moyo unakwenda kwa kusuasua, kifua kinakoroma, na daktari akija siku hizi huzungumza zaidi na mwanangu kule sebuleni kuliko na mimi huku kitandani. Mtu akifika hapo hana haja ya kuambiwa amefika wapi. Lakini akili yangu iko kamili na mkono unaandika, ingawa herufi zinatembea kama kuku aliyeumia mguu. Utanisamehe mwandiko.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliigeuzageuza kabla ya kuifungua, nikaona gundi imepakwa mara mbili upande mmoja. Nilimwita mkwe wangu nikamuuliza kama ameifungua. Alisema yeye ana shughuli nyingi kuliko kusoma habari za goti la shangazi. Nilitaka kumwamini mpaka nilipojiuliza amejuaje kama humo mna habari za goti. Mwanangu anasema kila mtu anajua habari za goti lako. Huenda. Kwa hiyo nakueleza mapema: nikiifunga bahasha hii nitapitisha mstari wa penseli juu ya mdomo wake. Najua unasoma haya ukiwa umeshaichana, basi iokote uitazame tena. Vipande viwili vya mstari visipokutana, fahamu kwamba kuna mtu ametutangulia.

Sasa nije kwenye swali lako. Unasema baba wa mwanao amechoka, miguu yake imevimba, na chumba anamotengenezea cherehani za watu kinaingiza maji. Unasema mpwa wangu amekuomba umpokee baba yake, apewe kile chumba cha nyuma. Na unasema hutafanya lolote kabla sijatamka neno, kwa sababu, nanukuu maneno yako, mimi ndiye niliyeuona mstari. Mlango wako utafunguka au utabaki umefungwa kwa jibu langu. Nimekaa na swali hilo siku nne. Barua hii ndiyo jibu, na itabidi univumilie, kwa sababu siwezi kukujibu ndiyo au hapana bila kurudi nyuma miaka thelathini na mmoja.

Wewe ndiwe unayeijua tabia yangu ya mistari tangu mwanzo. Nilikuwa nikichora mstari kutoka kwenye kifuniko cha kopo la biskuti hadi kwenye kopo lenyewe, ili mtu akilifungua nijue. Ndugu zetu wote niliwakamata kwa njia hiyo. Wewe peke yako ulinishinda, kwa kuwa ulikula biskuti tatu kisha ukazungusha kifuniko polepole mpaka mistari ikakutana tena. Baba alicheka hadi akatoa machozi, akasema huyu mdogo ndiye atakayekuwa mkaguzi. Mimi sikucheka. Tabia ile nilikwenda nayo shuleni, nikavuka nayo chuo, na nilipokabidhiwa karakana ya chuo niliingia nayo. Kule nilichora kwa penseli, kisha nikakwaruza juu yake kwa ncha ya sindano ya chuma, ili mafuta yasiufute.

Mume wako aliletwa karakanani nikiwa mkuu kwa mwaka wa kumi na tano. Nakiri sikumpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Mafundi wengine walinitania, walinung'unika, waliniita Mzee wa Mistari wakidhani sisikii. Huyu aliitika tu, akafanya kazi, akaandika kitu kwenye kijidaftari kilichokaa mfuko wa shati, akakirudisha. Walimpa jina la Taratibu. Nilikuwa nikiwauliza wenzake anaandika nini humo, nao wakaniambia labda anaandika mashairi ya dada yako. Utani huo haukunifurahisha, maana wakati huo nilikuwa sijajua kwamba mnaonana. Nilipojua, nilihesabu kuwa mtu aliyeweza kunificha hilo miezi saba anaweza kunificha na mengine. Mlipooana nilivaa suti, nilitoa hotuba, na moyoni sikuhama hata hatua moja.

Kazi yetu unaijua kwa juujuu, ngoja nikueleze vizuri kidogo kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Tulikuwa tunatengeneza mabeseni ya kuoshea vyombo kwa mtetemo, ile sauti iliyo juu mno kiasi kwamba sikio la mtu haliipati. Maji yanatetemeshwa mara elfu ishirini kwa sekunde, yanatoa vipovu vidogo vinavyopasuka, na vipovu hivyo vinachokoa uchafu mahali ambapo brashi haifiki. Kinachotetemesha ni kichwa kinachofungwa chini ya beseni. Ndani ya kichwa mna koili ya waya, na ndani ya koili mna metali ambayo ikipata nguvu ya sumaku hubadili urefu wake, kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Umeme ukicheza, sumaku inacheza, na metali inacheza nayo. Kwa miaka ishirini metali yetu ilikuwa nikeli. Nikeli nilikuwa naijua kama ninavyojua vidole vyangu. Ikipata sumaku hunywea. Tulizipanga bapa zake kama kurasa za kitabu, tukazichomelea, na kazi ikawa imekwisha.

Kisha hospitali kubwa ikatuomba beseni la kuoshea vyombo vya upasuaji. Metroni wao alikuja mwenyewe, akanionyesha vidole vya wauguzi wake vilivyochomwa na vyombo wakivisugua kwa mkono, akasema wawili wamekwishaugua kwa sababu hiyo. Nikeli isingetosha kwa beseni la ukubwa ule. Tuliagiza metali mpya, mchanganyiko wa chuma na madini mawili adimu, ambayo yenyewe haifupiki bali hurefuka, na hurefuka mara nyingi zaidi kuliko nikeli inavyonywea. Tulisubiri miezi minane. Kikaja kifimbo kimoja tu, urefu wa kidole cha kati, rangi ya kijivu, kimefungwa kama yai. Pamoja nacho zikaja karatasi mbili za maelekezo. Siku tuliyofungua sanduku kila fundi alitaka kuzisoma, nikawaachia dakika chache. Nilimwona Taratibu akinakili kwenye kijidaftari chake. Nilizichukua karatasi, nikazifungia kwenye droo yangu, na ufunguo nikauvaa shingoni.

Nilikuwa na sababu, au nilijiambia ninayo. Kulikuwa na karakana nyingine iliyotaka kazi ile ya hospitali, na watu wao walikuwa wakinywa chai kwenye mgahawa uleule wa mafundi wetu. Nilimkuta shemeji yangu ameketi nao mara mbili. Nilipomuuliza alisema wanazungumza mpira. Mtu asiyezungumza na wenzake juu ya lolote, leo anazungumza mpira na washindani wetu. Hata wewe nilikuuliza kama anapenda mpira, ukaniambia hujui, na jibu hilo nililiweka akibani.

Kichwa kile nilikiunda peke yangu, mlango umefungwa. Kifimbo kikaingia kwenye koili, sumaku zikakizunguka, na nyuma yake bolti moja nene. Nilipomaliza nilichora mstari wangu, kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye kasha la chuma. Tukaanza kukijaribu kwa nguvu ndogo. Siku ya tatu nilimkuta Taratibu ameinama, mpini wa bisibisi umegusa sikio lake na ncha imegusa kasha, anasikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini, akasema anasikia kitu kinacheza ndani. Nilimwambia kazi ya kitu kile ni kucheza, na mafundi wakacheka. Aliomba tuangalie pamoja karatasi ya pili. Nilimuuliza kwa nini ya pili na siyo ya kwanza, na mtu anayetaka kuona karatasi nilizozifungia anazipeleka wapi. Akasema basi, Mkuu, akarudi kwenye meza yake. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mchana Mzee Funguo wa stoo aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba shemeji yangu amebaki nyuma ya wenzake na ameazima spana namba kumi na saba.

Jumatatu walikuja Metroni, madaktari wawili na Mkuu wa Chuo. Tuliwasha. Maji yakatoa ile sauti kama mafuta yanayokaanga, Metroni akatumbukiza mikasi yenye damu iliyokauka, na wingu la uchafu likatoka kama moshi. Aliitoa mikasi, akaitazama hadi kwenye maungio, akatabasamu. Nikaongeza nguvu ifike mwisho. Tukasikia mlio mmoja mkavu, kama fundo la mti linalopasuka motoni, na beseni likanyamaza. Nilipofungua upande mmoja wa kasha kifimbo kilikuwa vipande vitatu.

Yaliyofuata unayajua kwa jinsi nilivyokusimulia. Kikao kilikuwa cha watu watatu: Mkuu wa Chuo, Metroni, na Mzee Funguo kama shahidi. Nilisema kwamba mstari wangu ulikuwa umekatika, na kwamba bolti imelegezwa. Taratibu hakukana kuigusa. Alisema, kwa sauti yake ileile ya kuomba chumvi, kwamba aliigusa Jumamosi, lakini aliikaza, hakuilegeza. Alisema metali ile inavumilia kubanwa na haivumilii kuvutwa, kwa hiyo lazima ikae imebanwa kwa nguvu nyuma ndipo itetemeke bila kupasuka, na kwamba hayo yako kwenye karatasi ya pili. Aliomba jambo moja, kichwa kiletwe mezani kifunguliwe, waone. Nilijibu kwamba vumbi la metali ile hushika moto likipata hewa, na kwamba nimekifunga kwa usalama wa wote. Kuhusu vumbi nilisema kweli. Mkuu wa Chuo alinitazama mimi wa miaka ishirini, akamtazama yeye wa miaka mitano, na kikao kikaisha kabla ya chai. Hakuna karakana iliyompokea baada ya hapo, hata ile ya watu wa mpira. Hilo lingetosha kunifumbua macho, lakini nilisema wameogopa kujulikana.

Wewe ulimuuliza nyumbani kama aligusa ile bolti, akasema ndiyo. Ulimuuliza kwa nini, akakwambia umuombe kaka yako akuonyeshe. Ulikuja kwangu ukiwa na mtoto mgongoni. Ulisema unataka kuuona mstari tu, hutasema neno. Nami nilikuuliza kama umekuja kunipima mimi niliyekulipia shule. Ulilia, ukaniomba radhi. Wiki iliyofuata ulihamisha vitu vyako. Kitinda, siku ile uliponiomba radhi niliipokea. Nataka ujue kwamba sijasahau kwamba niliipokea.

Sasa nikupe habari ndogo ya hapa, halafu nimalize. Nina muuguzi anayekuja asubuhi, binti mcheshi, huniita Babu na kuniuliza kila siku kama mstari upo, maana chupa yangu ya dawa ya kifua nayo nimeichora. Jumatano iliyopita, kabla barua yako haijafika, niliukuta mstari umekatika. Nilimwambia mbele ya mwanangu kwamba ananiibia dawa. Hakukasirika. Aliiinua chupa kwenye mwanga, akanionyesha kwamba kiasi ni kilekile, kisha akaniwekea kidole juu ya kifuniko. Akasema, Babu, hebu tazama mstari umesogea kuelekea wapi. Umesogea kulia. Mikono yako haina nguvu, unaacha kifuniko kimelegea, dawa inavuja kwenye shuka, nami nakikaza. Angekuwa mwizi, mstari ungekuwa kushoto, au angeurudisha ulipokuwa. Mwanangu akacheka. Mimi niligeukia ukutani, wakadhani nimechukia. Siku mbili baadaye ikaja barua yako.

Mdogo wangu, mstari ule ulisogea kulia.

Niliuona, na niliuona mapema kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Niliuona Jumatatu saa moja asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilipopiga magoti chini ya beseni kama ilivyokuwa desturi yangu. Ulikuwa umesogea kulia, zaidi kidogo ya robo mzunguko. Ningeweza kumwita na kumuuliza. Angenieleza, tungefungua, na tungeona nilichokiona baadaye. Sikumwita. Nilifurahi. Nilijiambia hatimaye nimemkamata, na nikaacha jaribio liendelee ili akamatwe mbele ya watu.

Baada ya wageni kuondoka nilijifungia. Nilikitazama kifimbo kwa lenzi. Penye mpasuko palikuwa na rangi mbili: sehemu ndogo ilikuwa mpya na inang'aa, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, imekwishaingia kutu. Ufa ulianza siku kadhaa kabla ya Jumamosi. Nilitoa karatasi ya pili kwenye droo, nikaisoma kwa mara ya kwanza hadi mwisho. Ilikuwa kama alivyosema. Nikeli haihitaji kubanwa, na mimi mikono yangu ilikuwa ya nikeli. Niliiweka bolti ile iguse tu, kama mtu anayefunga jagi la maji, kwa sababu niliogopa kukivunja kifimbo. Kumbe kuogopa kwangu ndiko kulikokivunja, wiki nzima ya majaribio, kidogo kidogo. Karatasi iliyonielekeza nilikuwa nimeifungia mbali na wezi, nami nikafanya kazi kwa kukisia. Nilipima ile robo na kidogo aliyoizungusha. Ndicho kiasi hasa kinachoelekezwa. Alikuja kuniokoa, akachelewa siku chache, na hakutaka kunisahihisha mbele ya mafundi waliokuwa wakimcheka.

Na hakuurudisha mstari. Hilo ndilo limekuwa likinikaba. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi, angeweza kuchora mwingine nisingejua kamwe. Aliuacha umekatika ili niuone, nimwite, tuzungumze.

Kwenye kikao nilisema kushoto. Sikujua nitalisema mpaka lilipotoka. Likishatoka, lilihitaji kulindwa kila siku, na njia pekee niliyoijua ya kulilinda ilikuwa kuendelea kumshuku. Nilimshuku hata alipokuwa hana kazi. Nilimshuku alipokuwa akituma sare za shule za mpwa wangu, nikakwambia anakununua. Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana uliwahi kuniomba radhi wewe na nikaipokea. Nimekosa hata maneno ya kuazima.

Unaniuliza umpokee? Swali hilo halikuwa langu kamwe, lakini kwa kuwa nililichukua, nalirudisha na hili juu yake: mumeo hakuharibu kitu. Aliyeharibu ni mimi.

Mpwa wangu atakuja Alhamisi kuchukua sanduku lililo chini ya kitanda changu. Mwanangu na mkewe wamekuwa wakilitazama kwa muda, nadhani wanafikiri nimeficha hati ya nyumba. Ndani mna kile kichwa, kimefungwa kwenye koti langu la kazi. Sikukitupa, na usiniulize kwa nini, sijui kama ni ushujaa mdogo au ni uoga uleule. Vipande vya kifimbo viko kwenye kichupa chenye mafuta, hakuna kitakachoshika moto. Karatasi zote mbili zimo. Usikifungue wewe, na mpwa wangu asikifungue. Miaka thelathini na mmoja imepita tangu mumeo aombe jambo moja tu mezani, kwamba kifunguliwe. Mpe yeye. Spana namba kumi na saba nimeiweka juu kabisa, aikute kwanza.

Nakala ya barua hii itakwenda chuoni, ingawa sidhani kama kuna aliyebaki wa kuikumbuka kesi. Metroni alikwishatangulia. Mzee Funguo yupo, haoni tena, nitamwomba muuguzi anipigie namba yake ya simu, nimweleze kwa mdomo.

Nisalimie mpwa wangu. Mwambie ana mikono ya baba yake, nilikuwa naiona tangu akiwa mdogo na sikutaka kuisema. Mkwe wangu anakusalimu, na anauliza hali ya goti. Pumzika, kula vizuri, na ngazi zile usizipande na mzigo. Ukinijibu nitashukuru, usiponijibu nitaelewa, na ikiwa jibu litanikuta nimeondoka, lisomeni ninyi kwa ninyi.

Nilikwambia mwanzoni kwamba nitachora mstari kwenye bahasha. Nimeitazama penseli, nimeirudisha kikombeni. Nitampa mkwe wangu barua hii ikiwa wazi, aifunge yeye.

Ni mimi, kaka yako,
aliyeuona mstari.